Kiporo hakiogopi moto wa asubuhi

Kuna maneno yanayosemwa jikoni kwa uhakika kuliko mengine yote: "Kipashe moto, hakuna kitakachobaki." Mama humwambia bintiye, mwanafunzi humwambia mwenzake wa chumba, hata mtu aliye peke yake hujiambia mwenyewe. Chakula kimelala mezani usiku kucha, kimefunikwa vizuri, hakinuki, hakivuti utelezi, rangi ni ileile ya jana. Kinarudishwa jikoni, kinachemka mpaka kinatokota, kinaliwa. Na mara nyingi, nakiri, hakitokei kitu.

Nataka kuyajadili maneno hayo kwa sababu nusu yake ni kweli, na hiyo nusu ya kweli ndiyo inayoyafanya yawe hatari. Moto unaua bakteria, hilo halina ubishi. Lakini kiporo hakimdhuru mlaji kwa bakteria walio hai peke yao. Wakati mwingine kinamdhuru kwa kile ambacho bakteria hao walikwisha kukitengeneza saa nyingi kabla jiko halijawashwa tena, na kitu hicho hakina uhai wa kuuawa.

Tuanze na wali, maana ndio unaodharauliwa zaidi. Watu huogopa nyama na samaki. Wali huonekana chakula safi kisicho na neno. Kumbe mchele hutoka shambani ukiwa na bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye makazi yake ni udongo na hupatikana karibu kila mahali duniani. Mazingira yakiwa magumu, bakteria huyu hujifungia ndani ya gamba gumu liitwalo spora. Spora haili, haizai, haikui. Inasubiri tu, na inaweza kusubiri miaka. Maji yanayochemka huua karibu kila kiumbe kingine kilichokuwa kwenye sufuria, lakini spora nyingi hubaki. Tena joto lenyewe la kupikia huziamsha. Sufuria ikishaepuliwa na kuanza kupoa, zinachipua kama mbegu zilizonyeshewa mvua: chakula kipo, unyevu upo, uvuguvugu upo, na washindani wote wamekufa.

Baadhi ya aina za bakteria huyo, wakishaongezeka, hutoa ndani ya wali sumu iitwayo sereulidi. Sumu hii imechemshwa maabara kwa nyuzi joto 121 kwa dakika 90 na haikuvunjika. Hilo ni joto la sufuria ya presha, tena kwa saa nzima na nusu. Hakuna anayepasha kiporo hivyo. Kuukaanga wali hakuiondoi, wala mikrowevu haiiondoi. Aliyekula huanza kutapika kati ya nusu saa na saa 6 baadaye. Wengi hupata nafuu ndani ya siku moja, wakadhani ni "tumbo tu limechafuka", na maisha yakaendelea.

Si wote. Mwaka 2008, mjini Brussels, Ubelgiji, kijana wa miaka 20 alikula tambi zenye mchuzi wa nyanya zilizopikwa siku 5 kabla na kuachwa jikoni bila friji. Haikupita nusu saa akaanza kuumwa kichwa na tumbo, akatapika sana, akaharisha, akalala. Asubuhi alikutwa amefariki. Uchunguzi ulionyesha ini lake limeharibika kwa kiasi, na kwenye tambi zilizobaki akakutwa Bacillus cereus kwa wingi. Siku 5 si usiku mmoja, na kifo cha namna hiyo ni nadra sana; sikileti hapa ili mtu aogope sahani yake. Nakileta kwa sababu ya jambo moja dogo lililomo katika taarifa ya wataalamu waliomchunguza: kijana yule alizipasha tambi zake kwenye mikrowevu kabla ya kuzila. Alifanya kile ambacho sote tumefundishwa kufanya.

Njia ya pili ambayo hatari hupitia ni mikono yetu. Staphylococcus aureus ni bakteria anayeishi puani na kwenye ngozi. Takriban mtu 1 kati ya 3 anaye puani bila kuumwa wala kujua. Hufa vizuri kabisa chakula kikipikwa. Tatizo ni kwamba baada ya kuiva ndipo tunapokichambua kwa vidole, tunakikata, tunakionja, tunakihamisha chombo. Akiingia wakati huo na kukuta chakula kinapoa polepole, huzaliana na kutoa sumu ambayo nayo huhimili kuchemshwa kwa dakika nyingi.

Mfano wake mkubwa ulitokea angani. Februari 1975, ndege kubwa ya abiria iliyotoka Tokyo kwenda Paris ilitua Anchorage, Alaska, ikapakiwa vifungua kinywa vya mayai na nyama ya nguruwe. Mmoja wa wapishi waliokiandaa chakula hicho alikuwa na vidonda vyenye usaha kwenye vidole. Nyama ile ilikaa kwenye joto la chumba kwa saa 6, kisha ikawekwa kwenye ubaridi usiotosha, nyuzi 10, kwa zaidi ya saa 14. Kabla ya kuandaliwa kwa abiria ilipashwa moto kwenye oveni za ndege. Watu 197 waliugua, na zaidi ya 140 kati yao walilazwa hospitali. Ukiifuatilia safari ya sahani ile, utaona ilipashwa kama kawaida. Kilichoharibika kilikuwa kimeharibika tangu zile saa 6 za kwanza, na hapakuwa na oveni ya kukirekebisha.

Sasa nije kwenye upande ambao moto unasaidia kweli, maana uchambuzi unaoficha upande huo hautendi haki.

Niliwahi kupikia wageni sufuria kubwa ya maharage. Saa nne usiku nikazima jiko, nikafunika, nikaenda kulala nikiwa nimechoka. Saa kumi na moja alfajiri nilipofunua, matone yaliyokuwa yamening'inia chini ya kifuniko yalidondoka kwenye mchuzi. Ukingo wa sufuria ulikuwa baridi. Kwa macho, chakula kilikuwa kimepoa tangu usiku. Nikazamisha mwiko mpaka katikati, nikauchota uji mzito wa chini, nikauweka kiganjani. Ulikuwa vuguvugu kama maji ya kuogeshea mtoto mchanga. Kwa saa 7, katikati ya sufuria ile palikuwa pamepita, kwa mwendo wa kinyonga, kwenye kila nyuzi joto ambayo bakteria huipenda.

Anayeipenda zaidi hali hiyo ni Clostridium perfringens. Naye ana spora zinazopona kwenye kupikwa, hapendi hewa, na hustawi hasa kati ya nyuzi 43 na 47. Katika joto hilo na chakula kinachomfaa, anaweza kujigawa mara mbili kwa dakika kama 10 tu. Mmoja huwa 64 baada ya saa moja, na zaidi ya 4,000 baada ya saa 2. Nyama zilizochemshwa kwa wingi, michuzi mizito na maharage ya shughuli ndiyo makazi yake. Nchini Marekani peke yake, mamlaka za afya hukadiria kwamba anawaumiza karibu watu milioni 1 kila mwaka, na jikoni za kupikia watu wengi ndizo zinazotajwa sana.

Lakini huyu ni tofauti na wawili wa kwanza. Yeye humuumiza mtu anapomezwa akiwa hai kwa mamilioni. Sumu yake huitolea tumboni. Kwa hiyo ukichemsha kiporo mpaka katikati kikatokota, unamuua, na hatari yake inapungua sana. Hapa maneno ya jikoni yana ukweli. Ila angalia tunavyopasha. Tunaondoa ubaridi. Tunageuza mara mbili, mvuke ukionekana pembeni tunapakua. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kipate nyuzi 70 mpaka ndani, na mchuzi mzito unaotoa mvuke pembeni unaweza kuwa na nyuzi 40 katikati. Basi tunaangukia pabaya pande zote mbili: kwenye sumu ambazo moto hauziwezi, tunautegemea moto, na kwa bakteria ambaye moto unamweza, tunampa moto nusunusu.

Pua nayo tumeipa kazi isiyo yake. Harufu ya kuchacha, utelezi, povu, ukungu, vyote hivyo huletwa na vijidudu vinavyoozesha chakula, ambavyo vingi vyake si wale wanaotuumiza sana. Na wale wanaotuumiza wanaweza kujaa ndani ya chakula kinachonukia vizuri. Chakula kilichochacha kitupe, sawa. Lakini kisichochacha hakijapewa cheti. Sumu za bakteria nilizozitaja hazina harufu wala ladha ya kumshtua mlaji, na kuonja kidogo "nione kama kimeharibika" hakumwambii mtu chochote.

Tufike kwenye saa 2, kanuni ambayo watu wengi wameisikia na wachache wanaielewa. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa mambo 5 ya usalama wa chakula, mwaka 2001, lilisema chakula kilichopikwa kisiachwe kwenye joto la chumba zaidi ya saa 2, na kihifadhiwe ama chini ya nyuzi 5 ama juu ya nyuzi 60. Marekani husema 4 na 60, tena huongeza kwamba hewa ikizidi nyuzi 32 muda uwe saa 1. Uingereza hudai chakula cha moto kinachouzwa kikae nyuzi 63 kwenda juu. Nimewasikia watu wakizitumia tofauti hizi kama ushahidi kwamba wataalamu wanabahatisha. Mimi nazisoma vingine. Kila nchi imechora mstari wake palepale pamoja, kwenye ukingo wa joto ambalo bakteria hawazaliani tena, kisha ikaongeza nafasi kidogo ya tahadhari kwa kadiri inavyoona inafaa.

Saa 2 hazina uchawi. Dakika ya 121 chakula hakigeuki sumu, na sitaki kumdanganya mtu kwamba kinageuka. Kanuni imebana kwa sababu anayeitunga hajui sufuria yako ilianza na spora ngapi, chumba chako kina joto kiasi gani, wala nani atakayekula. Chukua bakteria mmoja tu anayejigawa kila dakika 20. Baada ya saa 2 ni 64. Kutoka saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi anakuwa amepita bilioni 1. Hesabu hii ni ya karatasini. Kiuhalisia bakteria huchelewa kuanza, na wakijaa hupunguza kasi. Hata hivyo inaonyesha mahali hatari ilipo. Saa ya kwanza na ya kumi hazilingani. Ongezeko kubwa lote huja mwishoni, ndiyo maana tofauti kati ya kuweka chakula kwenye friji kabla ya kulala na kukiweka asubuhi ni kubwa mno kuliko tunavyohisi.

Kitu kingine kinachosahaulika: muda huo hujumlishwa. Saa nzima mezani wakati wa chakula cha usiku, saa nyingine kesho mchana kikisubiri wachelewaji, zimekwisha kuwa 2. Kukipasha katikati hakuanzishi hesabu upya kwa sumu iliyokwisha kutolewa.

Hapa najua jibu litakalokuja, kwa sababu nimelisikia tangu utotoni: "Tumekula viporo miaka yote na tuko hai." Ni hoja ya watu wazima wenye afya, na inastahili kujibiwa kwa heshima. Ni kweli, viporo vingi havidhuru. Spora zinaweza kuwa chache, usiku ukawa wa baridi, chakula kikawa na chumvi au ndimu ya kutosha, au tumbo likashinda. Lakini ushahidi huu una kasoro kubwa. Ni nani kati yetu aliyewahi kuharisha siku moja, akafuatilia mpaka akajua ni kipi alichokila? Nilipoharisha usiku kucha miaka michache iliyopita, nililaumu uchovu, kisha nikalaumu maji. Wali wa jana niliukumbuka siku ya tatu. Mara tulizougua hatukuziandika kwenye hesabu ya kiporo. Tulichohesabu ni mara tulizopona.

Na anayelipa gharama si lazima awe yule anayetoa hoja. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2015 kwamba chakula kisicho salama cha kila namna, si kiporo tu, huwaumiza watu milioni 600 kwa mwaka na kuua 420,000, na kati ya hao 125,000 ni watoto wa chini ya miaka 5. Kuharisha na kutapika ambako kwa baba ni kero ya siku moja, kwa mtoto wa mwaka mmoja ni maji yanayokauka mwilini ndani ya saa chache. Wajawazito, wazee na wagonjwa nao wako upande huohuo. Kiporo kinachofaa kujaribiwa na mtu mzima si kiporo cha kumsagia mtoto uji, na hapa sina nafasi ya kulegeza.

Ninachokilaumu katika elimu tunayopewa ni kwamba huanza na kumalizia kwa neno "tupa". Kutupa chakula kunauma, na kunapaswa kuuma. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na kiasi cha asilimia 60 kilitoka majumbani. Mtu aliyehangaika kukipata chakula hatakimwaga kwa sababu ya karatasi ya ushauri, atakipasha. Uamuzi wenye maana hufanywa mapema zaidi, chakula kikiwa bado cha moto na kizima.

Kinachohitajika wakati huo ni kukipoza haraka, na unene wa chakula ndio unaoamua. Kwa vyakula vizito, ukipunguza kina kwa nusu, muda wa kupoa katikati hushuka hadi karibu robo. Maharage yangu yale, kama ningeyagawa kwenye trei pana yenye kina cha vidole vitatu, yangepoa kabla sijamaliza kuosha vyombo. Mchuzi unaweza kupozwa kwa kuitumbukiza sufuria kwenye beseni la maji baridi huku unakoroga. Migahawa ya Marekani hutakiwa kushusha chakula kutoka nyuzi 57 hadi 21 ndani ya saa 2, kisha hadi 5 ndani ya saa 4 zinazofuata. Hatua ya kwanza imebanwa zaidi kwa sababu huko ndiko bakteria wanakokimbia. Na ile imani kwamba chakula cha moto kikiingia friji kitaiharibu, hivyo kiachwe kipoe "kabisa" nje, imelaza vyakula vingi mezani kuliko uvivu. Kikigawanywa kwenye vyombo vidogo na mvuke mkali ukishatoka, kiweke ndani. Friji imetengenezwa kwa kazi hiyo.

Asiye na friji hapaswi kuachwa nje ya mazungumzo haya, maana mara nyingi miongozo humsahau. Kwake kiasi cha kupika ndiyo friji: kupika kinachoisha. Kinachobaki kwa ajili ya wachelewaji kikae juu ya moto mdogo kikiwa cha moto sana, si cha vuguvugu. Kisichounguza ulimi kiko kwenye eneo la bakteria. Na achague cha kukibakiza. Mkate mkavu, biskuti, bisi, vyakula vikavu au vyenye sukari nyingi au uchachu wa kutosha, hulala bila shida kubwa, kwa sababu bakteria hawana maji ya kutumia au asidi inawazuia. Wali, nyama, samaki, maharage, mayai, maziwa na viazi vilivyochemshwa haviko kwenye kundi hilo. Hata kiazi kilichookwa na kuachwa kwenye karatasi yake ya alumini si cha kupuuza: mwaka 1994 huko El Paso, Texas, watu 30 walipata botulizimu, ugonjwa unaopooza misuli, baada ya mgahawa kuviacha viazi vya namna hiyo kwenye joto la chumba kisha kuvitengenezea rojo ya kuchovyea mkate.

Na kama umeamka saa tisa usiku, umekwenda kunywa maji, ukaikuta sufuria umeisahau? Angalia kwanza ilikuwa na nini na iliepuliwa saa ngapi. Ikiwa ni mikate, funika urudi kulala. Ikiwa ni wali wa saa mbili usiku, saa 7 zimepita, na hakuna unachoweza kuufanyia jikoni kikaurudisha. Ikiwa ni mchuzi ulioepuliwa saa nane na nusu usiku huohuo, bado una moto, washa taa, toa trei, ugawe sasa hivi.